Musizime moto wa jioni, muutafutie mahali pake

Wasikilizaji wapenzi, pamoja na ninyi munaosoma ukurasa huu kwenye simu mukiwa ndani ya hema, leo sitazungumza juu ya mapigano wala juu ya msaada uliochelewa. Nitazungumza juu ya moto. Ninaomba munisikilize hadi mwisho, hasa ninyi wajumbe wa kamati ambao mutakutana Jumamosi.

Juma lililopita, katika kambi moja ya wahami wa vita magharibi ya mji wa Goma, cheche ilirukia shitingi. Kabla watu hawajachota maji, vibanda vitatu vilikuwa vimekwisha kuteketea. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini mama mmoja alipoteza kila kitu alichokimbia nacho: magodoro, sufuria, karatasi za shule za watoto, na kadi yake ya kupokelea chakula. Nilimkuta asubuhi ameketi juu ya jiwe la volkano, anachokora majivu kwa kijiti. Aliniambia hivi: "Mwanangu, vita vilinikuta na nyumba, nikakimbia. Sasa moto umenikuta na hema, nikimbilie wapi tena?"

Siku mbili baadaye kamati ya kambi ilitoa pendekezo lake. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, hakuna kuwasha moto wowote nje. Anayetaka kupika, apike mapema au apikie ndani. Vijana watazunguka kila bloku na kumwagia maji moto wowote watakaoukuta. Jumamosi pendekezo hilo litapitishwa au litaachwa.

Ninaelewa hofu yao. Vibanda vyetu vimebanana kama maharagi ndani ya mfuko. Shitingi ikishika moto hainyamazi, inadondoka matone yanayowaka juu ya watu waliolala. Kiongozi aliyeona vibanda vitatu vikiteketea akakaa kimya, huyo ndiye ningemlaumu. Hata hivyo ninasema kamati imekosea dawa. Moto wa nje ukikatazwa, watu hawatalala bila moto. Watauingiza ndani, na ndani ndiko unakoua zaidi.

Goma iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wenyeji wanajua baridi ya saa nane za usiku, hasa mvua ikiwa imenyesha na godoro liko juu ya mawe. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kutii amri ya kulala katika baridi hiyo bila kufanya kitu. Atachukua mbabula yake yenye makala mekundu, ataiingiza hemani, atafunga mlango ili joto lisitoke. Ataona amefanya vizuri, kwa sababu makala hayatoi moshi mwingi na hayana mwali wa kurukia shitingi.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Makala yanapowaka mahali pasipo hewa ya kutosha, yanatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inaingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri ambayo mwili unahitaji. Mtu anasikia kichwa kinauma, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inalegea. Akiwa amelala hasikii hata kimoja cha hivyo. Analala moja kwa moja.

Mwaka jana niliitwa alfajiri na jirani katika kambi nyingine. Baba, mama na watoto wawili walikuwa wametolewa nje, wamelazwa juu ya kitenge, wanatapika. Watu walikuwa wanasema wamelogwa, wengine wanasema wamekula sombe mbaya. Mimi niliingiza kichwa hemani nikaona mbabula katikati, majivu bado ya moto. Walipona, kwa sababu mtoto wa tatu alikuwa ameamka kwenda haja ndogo, akaacha mlango wazi, kisha akamwona mama yake haamki. Ni mlango ulioachwa wazi tu uliowaokoa. Ninaogopa amri ya Jumamosi itafunga milango yote ya hema katika kambi nzima.

Wala hatuzungumzii sumu ya usiku mmoja peke yake. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba unaua watu wapatao milioni 3 kila mwaka duniani. Wengi ni akina mama na watoto walio karibu na jiko. Kikohozi kile cha watoto tunachokisikia kambini asubuhi, sehemu yake inatoka kwenye moshi.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza. Ya pili wengine wataiona ndogo, lakini mimi siioni ndogo.

Ninyi wazee munakumbuka barza. Katika vijiji vyetu vya Masisi, Rutshuru, Walikale, Lubero na kwingineko, jioni ilikuwa na mahali pake. Moto uliwashwa, wazee waliketi, vijana waliketi nyuma yao, mahindi yaligeuzwa pembeni ya makaa. Hapo ndipo mashauri yalikatwa. Hapo ndipo mtoto alijua babu yake alikuwa nani, shamba lao lilipakana na la nani, na mto upi hauvukwi wakati wa mvua. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga huko Walikale, mzee mmoja aitwaye Rureke alisimulia hadithi ya Mwindo kwa muda wa siku 12, akiimba na kucheza, huku wengine wakiandika. Kitabu kilitoka mwaka 1969 na sasa kinasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Hadithi ile haikuanzia chuoni. Ilitunzwa midomoni mwa watu, kizazi hadi kizazi.

Sasa nenda kambini jioni. Mtoto wa miaka sita aliyezaliwa njiani hajui kijiji chake kina sura gani. Mwezi uliopita niliketi kwenye moto mmoja mdogo, nimebeba kinasa sauti changu kwa ajili ya kipindi. Kulikuwa na watu kama kumi na tano. Mzee mmoja alikuwa anachoma viazi vitamu viwili, na viwili hivyo vilikatwa vipande kumi na vitano. Alikuwa anawafundisha watoto vitendawili. Kisha msichana mmoja akamuuliza: "Papa, kwetu kuna nini?" Mzee akaanza kuhesabu: kuna kilima, kuna kanisa la matofali, kuna mparachichi nyuma ya nyumba ya shangazi yako, kuna chemchemi ambayo haikauki hata kiangazi. Msichana akawa anarudia kila neno kwa sauti ndogo, kama mtu anayejifunza namba ya simu asiisahau. Nilizima kinasa sauti. Niliona si jambo la kuweka kwenye redio siku ile.

Mwangaza ule ukizimwa saa kumi na mbili, watoto watalala saa kumi na mbili na nusu, na vijana watakwenda kuketi kwenye giza karibu na wauza pombe. Mashirika ya kiutu yanatuletea wataalamu wa kuzungumza na watu walioumia moyoni, na tunayashukuru. Lakini watu wetu wana dawa moja ya kale ambayo haihitaji mtaalamu, nayo ni kuketi pamoja mbele ya moto, hata bila kusema kitu. Nimewaona wajane waliokaa kimya mchana kutwa wakianza kuzungumza hapo.

Sababu ya tatu ni kuni. Kila fungu la kuni linaloingia kambini lina mama aliyelibeba mgongoni, na wengi wanalitoa upande wa hifadhi ya Virunga au kwenye mashamba ya watu. Munajua yanayowapata huko. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walisema waziwazi kwamba wanawake wengi waliowatibu kwa ubakaji katika kambi za Goma walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Kwa hiyo hesabu ya kuni ni hesabu ya miili ya mama na dada zetu. Jamaa kumi zikiota mioto kumi jioni, zinakula mafungu mengi. Jamaa kumi zikiota moto mmoja, zinakula fungu moja au mawili. Moto wa pamoja unapunguza safari za msituni.

Basi ninapendekeza nini? Kamati isikataze moto wa jioni. Iutengee mahali. Moto mmoja kwa kila bloku, mahali palipochaguliwa, kwa saa zilizopangwa, wenye watu wanaoulinda. Na hapohapo ipige marufuku kitu kimoja bila huruma: mbabula inayowaka ndani ya hema wakati watu wamelala.

Mutaniambia maneno ni rahisi. Basi tushuke kwenye kazi yenyewe, hatua kwa hatua, kama nilivyojifunza kwa wazee, kwa wazima moto na kwa makosa yangu mwenyewe.

Kwanza ni mahali. Kanuni za kimataifa ambazo mashirika yanatumia kupanga kambi zinasema kuwe na uwazi wa mita 30 kila baada ya mita 300 za vibanda, ili moto usivuke. Zinasema pia kati ya kibanda na kibanda kuwe na mita 2 kwa uchache. Sisi sote tunajua kambi zetu haziko hivyo. Lakini kila bloku ina uwazi fulani: karibu na bomba la maji, pembeni ya uwanja wa watoto, au mahali pa kugawia chakula. Chagueni hapo, mbali na shitingi kadiri munavyoweza, na upande ambao upepo wa jioni unasukuma cheche kwenye uwazi, si kwenye vibanda. Upepo ukiwa mkali, hakuna moto siku hiyo. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, hili lishikwe kwa nguvu zaidi.

Upande huu wa Goma kuna jambo lingine ambalo wageni hawalijui. Ni mazuku. Katika mashimo na mabonde ya mawe ya volkano, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake, kuna hewa nzito inayotoka ardhini. Ni kaboni dioksidi. Kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya pahali pa chini, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi anaingia na hatoki. Mtu anainama kuokota kitu na hainuki. Watu wanapenda kuwasha moto bondeni ili kujikinga na upepo, na kumbe bondeni ndipo mazuku yanapolala. Moto wa jioni uwashwe pahali pa juu. Mukiona moto unafifia na kuzimika wenyewe chini wakati kuni ni kavu, wala kibiriti hakishiki, musiiname kuupuliza. Bebeni watoto, mupande juu mara moja. Na mtu akianguka shimoni, usimfuate mbio mbio, maana hapo tumezika wawili wawili.

Pili ni kitako cha moto. Ardhi yetu ni jiwe, si rahisi kuchimba. Sambazeni mchanga au udongo, kisha pangeni mawe kwa duara. Mawe yawe makavu. Jiwe lililonywa maji likipashwa moto ghafla linaweza kupasuka na kurusha vipande machoni. Kwa hiyo musichukue mawe ya ziwani wala yaliyonyeshewa tangu asubuhi. Ondoeni majani, karatasi na plastiki zote kuzunguka duara, hatua tatu kila upande.

Tatu ni kuwasha. Anzeni na kidogo: majani makavu ya mgomba, maganda ya mahindi, vijiti vyembamba kama kalamu. Vijiti hivyo visimamisheni kama paa la nyumba ya msonge, muache tundu upande upepo unakotoka ili moto upumue. Vikishika, wekeni vinene kama kidole gumba, kisha vya mkono. Wengi wanaharibu hapa, wanatupia gogo kabla moto haujakomaa, kisha wanaanza kuutafutia mafuta. Musitie mafuta ya taa wala esansi kwenye moto, hata kidogo. Mvuke wake unawaka kabla ya mafuta yenyewe, na mwali unarudi hadi kwenye chupa iliyo mkononi. Wala musiwashe kwa plastiki na viatu vibovu. Moshi wake ni sumu kwa watoto, na matone yake yakigusa ngozi hayatoki. Kuni za mkaratusi zinawaka haraka lakini zinarusha cheche, kwa hiyo zipasueni ndogo na zikauke vizuri. Kuni mbichi zitawaliza machozi tu.

Moto usizidi goti. Moto wa kuota hauhitaji kuwa mkubwa. Moto mkubwa unawafukuza watu nyuma, mdogo unawaleta karibu. Na mahindi hayachomwi kwenye mwali, yanachomwa kwenye makaa. Mwenye haraka atakula nje nyeusi, ndani mbichi.

Nne ni ulinzi. Kabla ya kiberiti kuwashwa, madumu mawili ya maji yawe pale, pamoja na ndoo ya mchanga na tawi bichi la kupigia cheche. Watu wazima wawili wawe walinzi wa zamu, na zamu iandikwe. Mlinzi hanywi pombe siku yake. Watoto wadogo wakae nyuma ya mstari wa mawe, na mama anayevaa kitenge kirefu akifunge vizuri. Nguo ikishika moto, usikimbie. Simama, jiangushe chini, jiviringishe. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpelekeni kwenye kituo cha afya. Musipake dawa ya meno, wala mafuta, wala majivu. Hivyo vinafunga joto ndani na vinamsumbua muuguzi.

Tano ni kuzima, na hapa ndipo ajali nyingi zinatokea. Moto uliofunikwa majivu haujafa. Unaweza kukaa hai hadi asubuhi, ukingoja upepo. Saa mbili na nusu usiku, mlinzi mwagie maji, koroga kwa kijiti, mwagia tena. Kisha ulete mgongo wa mkono karibu na majivu. Ukisikia joto, bado hujamaliza.

Najua pingamizi zitakazoletwa Jumamosi. Mmoja atasema watu wenye silaha huona mwangaza usiku. Ni kweli, na siku ambayo milio inasikika karibu, moto usiwashwe. Hilo halina mjadala. Ndiyo maana nimesema uzimwe saa mbili na nusu, wala usikeshe. Mwingine atasema walevi watageuza moto kuwa baa. Walinzi wa zamu ndiyo jibu. Mwingine atauliza kwa sauti ya chini, kama alivyoniuliza mimi: "Lakini bloku yetu ina watu wa kabila lile, tutaketi nao?" Kwa huyo nina jibu moja. Munachota maji kwenye bomba moja, munasimama kwenye foleni moja ya unga, na cheche iliyoteketeza vibanda vitatu juma lililopita haikuuliza kabila la mwenye kibanda.

Kwa viongozi wa mji na mashirika nina ombi fupi. Tupatieni nafasi wazi katika kila bloku, hata ikibidi vibanda viwili vihamishwe. Leteni mchanga na ndoo. Leteni kuni au makala ya kutosha, na mbabula zinazokula makala machache, ili mama asiende msituni. Na munapogawa shitingi, tumieni dakika tano kueleza jinsi inavyowaka.

Ninyi wajumbe wa kamati, sikuja kuwapinga kwa sababu ya redio. Nilikuja kwa sababu ya yule mama wa majivu. Nilimuuliza kama anaunga mkono amri ya kuzima mioto yote. Alifikiri kidogo, akajibu: "Sitaki moto karibu na kibanda changu tena. Lakini usiku wa kwanza baada ya kuunguliwa, watoto wangu walilala wapi? Walilala karibu na moto wa majirani."

Mkutano ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, chini ya mti ule wa karibu na bomba. Nitakuwepo. Akina mama, njooni na ninyi, maana kuni munazibeba ninyi na watoto munawalaza ninyi.